Andikeni habari, si ombi: namna ya kutangaza kazi ya mikono yenu



Leo tunataka kuongea juu ya karatasi moja ambayo vikundi vingi vya kusuka, kuchonga na kufinyanga hutuomba tuwaandikie. Ni ile barua fupi ya kupeleka kwa magazeti, kwa redio, na siku hizi kwa mtandao, ili watu wajue kwamba huko kijijini kuna kazi nzuri inayofanywa. Waandishi wa habari huiita taarifa kwa vyombo vya habari. Jina ni refu lakini kitu chenyewe ni ukurasa mmoja tu.

Tutaanza na kosa letu wenyewe. Kuna kikundi cha akina mama huko Ukambani wanaosuka viondo vya mkonge. Miaka kadhaa iliyopita walituambia, "Nyinyi mmesoma, tuandikieni." Tukakaa ofisini tukaandika, bila hata kwenda kuwaona wakisuka. Tuliandika kwamba hawa ni wajane maskini wasio na msaada, wanaoomba watu wenye roho nzuri wanunue viondo ili watoto wasilale njaa. Tulidhani tumeandika vizuri sana. Redio moja ikaisoma asubuhi, tena siku ya soko. Mama mmoja wa kikundi alikuwa dukani akipimiwa mahindi, na redio ya mwenye duka ilikuwa imefunguliwa kwa sauti. Jina la kikundi likatajwa, watu wote wakamgeukia.

Huyo mama si mjane. Bwana yake alikuwa kazini Mombasa, na watoto wao wawili walikuwa sekondari, karo imelipwa kwa viondo hivyo hivyo. Jioni alikuja ofisini, akaketi, akatuuliza polepole: "Wanangu, ni nani aliwaambia mimi nalala njaa?" Hatukuwa na jibu.

Na faida ilikuwa gani? Wiki ile kikundi kilipigiwa simu tatu. Zote zilikuwa za watu waliotaka kuleta nguo kuukuu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei ya kiondo. Hapo ndipo tulielewa kwamba ukiandika ombi utapata sadaka, na hawa akina mama hawakuwa wanatafuta sadaka. Walikuwa wanatafuta soko.

Basi taarifa hii ni kitu gani? Si tangazo la kulipia. Tangazo unalipa na unasema unavyotaka. Taarifa haulipiwi kitu, lakini mwandishi wa habari ndiye anaamua kama ataitumia, ataikata, au ataitupa. Yeye anajiuliza swali moja: je, wasomaji wangu au wasikilizaji wangu watataka kujua jambo hili? Kama jibu ni hapana, hata uandike kwa wino wa dhahabu haitasaidia.

Watu wengi husema taarifa ya kwanza ya namna hii ilitolewa Marekani mwaka 1906, wala haikuwa juu ya biashara tamu. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo treni ilianguka majini kutoka darajani karibu na mji wa Atlantic City, na watu zaidi ya 50 wakafa. Kampuni za reli za siku hizo zilikuwa na mazoea ya kuficha ajali. Bwana mmoja aitwaye Ivy Lee, aliyekuwa akiifanyia kampuni hiyo kazi, aliwashauri wasifiche. Akaandika mambo yaliyojulikana, akawapa waandishi wote, na gazeti la New York Times likachapa maneno yake kama yalivyokuwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha nguvu ya karatasi hii inatoka wapi. Mwandishi aliichukua kwa sababu ilikuwa na mambo ya hakika ambayo angetumia siku nzima kuyatafuta. Na nyinyi mpeni mambo ya hakika.

Sasa mtu atasema, "Sisi tunasuka tu kila siku, habari iko wapi?" Iko nyingi, lakini mmeizoea mpaka hamuioni. Habari ni kitu kipya au kitu kinachotokea siku fulani: maonyesho, oda ya kwanza kwenda nje, vijana waliojiunga, mtindo wa zamani uliorudishwa, aina mpya ya mti. Mnajua wachongaji wengi wa vinyago waliacha muhugu kwa sababu ulikatwa mpaka ukawa haba, wakaanza kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Kwa mchongaji ni shida ya malighafi. Kwa mnunuzi anayejali misitu, hiyo ni habari kubwa, na pengine ndiyo itamfanya anunue.

Habari pia ni asili ya kazi. Uchongaji wa Wakamba unaojulikana dunia nzima huhesabiwa kuanza na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya wa Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na ujuzi huo. Na mchongaji wa mawe wa Kisii, Elkana Ong'esa wa Tabaka, ana sanamu ya ndege iliyosimama katika makao makuu ya UNESCO huko Paris. Kikundi cha Wamunyu au cha Tabaka kikiandika taarifa bila kugusa asili kama hiyo ni kama kuuza ng'ombe wa maziwa bila kusema anakamwa. Lakini msijidai asili isiyo yenu. Kama mlijifunza kusuka kwa kikundi jirani mwaka juzi, semeni hivyo hivyo.

Tukija kwa kuandika kwenyewe. Kichwa cha habari kiwe kimoja na kiseme jambo lenyewe. "Habari njema!" si kichwa. Chini yake weka mahali na tarehe. Halafu fungu la kwanza lijibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na namna gani. Yote sita, katika sentensi mbili au tatu. Sababu ni kwamba mhariri akikosa nafasi hukata kutoka chini. Ukiweka tarehe ya maonyesho katika mstari wa mwisho, ndiyo ya kwanza kwenda. Sisi Waafrika tuna desturi ya kuanza na salamu na mzunguko mrefu, na ni desturi nzuri katika mkutano. Katika karatasi hii iwekeni kando.

Baada ya hapo weka maelezo, halafu maneno ya mwanakikundi mmoja, yaandikwe jinsi alivyoyasema mwenyewe. Halafu mistari miwili juu ya kikundi: kilianza lini, wanachama wangapi. Mwisho jina na simu ya mtu wa kuulizwa.

Yule mama aliyekuja ofisini hakutuacha hivyo. Alitutaka twende kwao tuandike tena. Tulikwenda, tukakaa siku nzima chini ya mwembe, na tukaona vitu ambavyo ofisini hatungevijua kamwe. Hii hapa ndiyo tuliyoandika mara ya pili. Majina tumeyaficha.

TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI
Inaweza kutangazwa mara moja

Akina mama wa Machakos warudia rangi ya magome katika viondo

(Mahali na tarehe.) Akina mama 30 wa kijiji cha (jina), kaunti ya Machakos, wataonyesha na kuuza viondo 60 vya mkonge vilivyotiwa rangi ya magome na mizizi ya miti, badala ya rangi ya dukani. Maonyesho yatakuwa Jumamosi tarehe (fulani) katika ukumbi wa (jina), kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Hakuna kiingilio.

Mkonge unatoka katika mipaka ya mashamba yao wenyewe. Wanaukwangua, wanauanika, na kusokota nyuzi kwa mkono juu ya paja. Kiondo kimoja cha kadiri huchukua kama wiki mbili, kwa sababu msukaji pia analima na kuchota maji. Bei ni kuanzia shilingi 1,200 hadi 2,500.

"Nyanya yangu alinionyesha mti wenyewe nikiwa msichana," asema (jina), mweka hazina wa kikundi. "Tuliuacha kwa sababu rangi ya dukani ni ya haraka. Sasa wanunuzi wanauliza ile ya zamani, na wazee wanaoijua wamebaki wachache."

Kikundi kilianza mwaka 2009. Mafundisho ya kutia rangi hutolewa kwa wasichana wa kijiji kila mwezi.

Kwa maelezo zaidi: (jina, simu, barua pepe).

Mnaona hakuna neno "maskini" hapo. Pia hakuna "maridadi", "ya kipekee" wala "ya hali ya juu". Kila mtu husema vyake ni vya kipekee, kwa hivyo neno hilo halina uzito tena. Lakini nyuzi zilizosokotwa juu ya paja, hizo mtu anaziona. Tukisema ukweli, mstari ule wa paja sisi tulitaka kuutoa tukidhani si wa heshima. Akina mama walicheka, wakasema ubaki. Mtangazaji wa redio aliposoma aliuliza swali juu ya huo mstari kabla ya mwingine wowote.

Juu ya lugha: andikeni kwanza kwa ile mnayoifikiria. Redio za lugha za kienyeji zitatafsiri zenyewe, na gazeti kama Taifa Leo linataka Kiswahili. Kwa mnunuzi wa nje mtahitaji Kiingereza. Mwombeni mwalimu awasaidie, ila muwe macho, maana baadhi ya walimu hupenda kuongeza maneno makubwa mpaka kiondo kinageuka kuwa siasa.

Kuhusu hesabu, hapo ndipo tumeona vikundi vikiumia zaidi. Kikundi kingine tunachokijua kiliandika kwamba kinaweza kutoa vikapu 500 kwa mwezi. Ilionekana vizuri kwa karatasi. Mfanyabiashara akaja na oda ya 500 na sehemu ya pesa mkononi. Wakapokea. Mwezi ulipoisha walikuwa na 70, nyingine zikiwa zimenunuliwa kwa jirani na hazilingani. Pesa zilirudishwa kwa shida, na kikundi kikagawanyika mara mbili. Pigeni hesabu kabla ya kuandika: wanachama 30, kila mmoja viondo viwili kwa mwezi, ni 60. Na hiyo ni katika miezi ya kawaida. Oktoba hadi Desemba mvua ikinyesha Ukambani kila mtu yuko shambani, kwa hivyo punguzeni. Mnunuzi wa kweli hakasiriki akiambiwa 60. Anakasirika akiahidiwa 500.

Picha ni nusu ya kazi. Siku hizi simu nyingi zinapiga picha ya kutosha. Pigeni nje, asubuhi, penye kivuli cheupe na si jua kali la saa sita. Tandikeni kitambaa cha rangi moja. Moja iwe ya bidhaa peke yake, nyingine iwe ya mikono ikifanya kazi, ili ukubwa uonekane. Msipange watu 30 kwa mstari kama picha ya harusi, kwa sababu kwa gazeti nyuso zinakuwa kama punje za mtama. Na mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili na si kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huipunguza ubora hata isifae kuchapwa.

Kabla ya kutuma picha ya mtu, mwulizeni. Si adabu tu, ni sheria: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kama habari yake binafsi. Sisi huandika katika kitabu cha mkutano kwamba fulani amekubali picha yake itumike kwa magazeti na mtandao, naye anatia sahihi au kidole. Mtoto akiwa ndani ya picha, mzazi wake ndiye akubali.

Kuna jambo lingine ambalo ni la kuangaliwa na wale wanaobuni. Ukishaweka mtindo mpya mtandaoni, dunia nzima imeuona, na wa kuiga hahitaji kuja mpaka kwenu. Hakimiliki ya mchoro au mchongo wako huanza pale unapoutengeneza, lakini umbo au pambo jipya la bidhaa linalindwa chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 likisajiliwa, na likishatangazwa hovyo linaweza kuhesabiwa si jipya tena. Kwa hivyo kama mna mtindo ambao ni uvumbuzi wenu kabisa, ulizeni mambo ya usajili kwanza, halafu ndio mpige picha. Kiondo cha kawaida hakina shida hiyo.

Ipelekwe wapi? Watu hukimbilia televisheni ya Nairobi. Anzeni karibu. Shirika la Habari la Kenya, ambalo ni la serikali, lina maofisa katika kaunti, na kazi yao ni kutafuta habari za huko mashinani. Nendeni mkamwone ofisa huyo. Halafu redio inayosikilizwa kwenu kwa lugha ya mama, na mwandishi wa gazeti anayekaa katika mji wenu wa kaunti. Mwandishi wa mashinani anahitaji habari kama nyinyi mnavyohitaji soko. Kwa gazeti, tumeni kama wiki moja kabla ya siku ya maonyesho. Kwa redio, siku mbili kabla zatosha, na mwakumbushe asubuhi yenyewe.

Mkituma kwa barua pepe, andikeni taarifa ndani ya barua yenyewe. Msiitume tu kama faili la kufunguliwa, maana mhariri mwenye barua mia moja hafungui. Na kile kichwa cha habari kiwe ndicho kichwa cha barua. Baadaye pigeni simu mara moja, mseme nyinyi ni nani na kuuliza kama imefika. Mara moja. Mwandishi akitaka pesa ndipo aandike, mjue maadili ya kazi yake hayamruhusu. Mshukuruni mwende kwa mwingine.

Kwa mtandao, taarifa ile ile mnaweza kuiweka wenyewe kwa ukurasa wa kikundi wa Facebook, bila kungoja mhariri. Tofauti yake ni hii: gazeti la leo kesho linafungia nyama, lakini ya mtandao inabaki, na mtu aliye mbali anaweza kuipata mwaka ujao akitafuta. Anatafuta kwa maneno gani? Anaandika "viondo Machakos" au "vinyago vya mawe Tabaka". Basi maneno hayo, bidhaa na mahali, yawe katika kichwa na katika fungu la kwanza. Tena andikeni mwaka kamili katika tarehe. Tumeona watu wakisafiri kwenda kwa maonyesho yaliyopita zamani kwa sababu iliandikwa "Jumamosi hii".

Na kwa vile inabaki, namba ya simu iwe ya kikundi, si ya mtu. Nunueni laini iandikishwe kwa jina la mmoja wa maofisa kwa makubaliano ya mkutano, na simu hiyo ikae na yule aliye katika kiti. Kikundi kimoja kiliweka namba ya katibu. Katibu akaolewa Nakuru. Wateja bado wanampigia, naye sasa anauza viondo vya watu wengine.

Namba yenu ikishatoka, matapeli nao wanaisoma. Wacha tuwaeleze wanavyokuja. Mtu anaandika kwamba yuko ng'ambo, ameona habari yenu, anataka vikapu 300 haraka. Hapunguzi bei, na hilo peke yake liwape wasiwasi. Anatuma picha ya risiti ya benki. Halafu siku mbili baadaye "wakala" wake anapiga: pesa zimekwama, tumeni shilingi 8,000 kwa M-Pesa za kuzifungua, mtarudishiwa. Au anasema amewalipa zaidi kwa makosa, mrudishe kilichozidi. Picha ya risiti si pesa. Mweka hazina aende benki aone pesa ziko ndani ya akaunti, na hata hapo aulize kama zimekamilika kuingia. Anayenunua halali hawezi kuwataka nyinyi mumtumie pesa ili awalipe.

Pia wekeni kitabu cha simu: nani alipiga, alisikia wapi, alinunua au la. Baada ya miezi sita mtajua kama ni redio au ni mtandao unaoleta watu, mjue pa kutilia nguvu. Kile kikundi cha Ukambani kiligundua kwamba redio huleta watu siku ya maonyesho, na mtandao huleta maduka ya Nairobi wiki kadhaa baadaye, polepole.

Siku hizi hatuwaandikii tena. Katibu wao huandika, halafu karatasi inasomwa kwa sauti mkutanoni kabla ya kutumwa, na kila mtu anaruhusiwa kusimamisha msomaji. Aliyechaguliwa kusikiliza zaidi ni yule mama wa dukani. Mara ya mwisho tulipokuwepo alisimamisha mara moja tu. Katibu alikuwa ameandika "akina mama 30", naye akasema wawili wamehamia, waandikwe 28.